Muluzi ya Nyumba Yetu

Mwape, mutoto wangu,

Umetoka kwenda kusuka nywele, na ninamujua ule mama mwenye kukusuka: mikono yake iko mbio, lakini kinywa yake inapita mikono. Hautarudia sasa hivi. Njo ninakamata bic, ninaikala hapa kwa meza ya mashini ya kushona, katikati ya bipande ya bikwembe, ninakuandikia. Kama ninasema haya mambo na kinywa, utacheka. Na kama unacheka, miye pia nitacheka, unanijua, na itaisha hivyo. Karatasi haijui kucheka.

Kesho unaenda pori. Mambo ya chumvi, ya dawa ya malaria, ya kuchemsha maji, ninaruka. Miye si mama wa kulea mutoto muzima kisha kumuandikia namna ya kuchemsha maji. Nilikulea muzuri, na kama kuna muntu kwa avenue yetu mwenye kusema hapana, aje aniambie mbele ya uso, nitasimamisha mashini nimusikilize.

Ujue kwanza kama nimekwisha kujisifu juu yako kwa mutaa yetu yote ya Kamalondo, hata kwa bantu benye habakuniuliza. Jana mama wa depo ya unga, ule wa Butembo mwenye sauti kama kamio ya mizigo, alinisimamisha katikati ya barabara.

— Mama Mwape! Miaka yote ile ya iniversite, njo mutoto anaenda kuhesabia ndege? Hata miye ninahesabiaka kuku yangu kila mangaribi, na hakuna mwenye kunipatia diplome!

Nikamujibu:

— Kuku yako iko namna moja, inalala kwa lupango moja, kiwanja moja, na kila siku inapunguka juu jirani wako anapenda muchuzi. Mutoto wangu anaenda kuangalia kila ndege inajenga wapi, na juu ya nini ile ya huku haijenge kule. Weye mwenyewe, unaweza kuniambia juu ya nini ulitoka Butembo ukakuja kujenga hapa?

— Juu ya bei ya unga, mama!

— Basi, ndege nayo iko na bei yake ya unga.

Bantu bote bakacheka, yeye wa kwanza. Mangaribi akakuja na mufuko ya sukari juu yako. Nimeiweka ndani ya sanduku yako, chini ya bilato ya kutembea nayo pori.

Unaona, nilijibu kama muntu wa masomo, miye mwenye niliacha masomo mapema. Lakini ni weye ulinifundisha, hapa hapa kwa hii meza, siku ulikamata bipande yangu ukaitandika. Ile ya kijani nyeusi ulisema ni muhulu, pori ya zamani yenye miti yake inashikana juu mpaka jua haishuke. Ile ya rangi ya majani kavu ni miombo, pori ya wazi yenye bantu banatosha makala ya kupikia. Ile ya manjano ni dembo, bonde ya majani yenye inashika maji. Na ile ya bluu, kakipande kaloko, ni mushitu, miti ya kwa chemchemi. Kisha ukakamata kopo yangu ya bifungo ya mashati, ukaanza kumwanga. Kila kifungo, ndege.

«Mama, sihesabie tu ndege. Ninatafuta ile yenye iko inazala. Kama inabeba majani kavu kwa kinywa, iko na nyumba. Kama inabeba kibulubulu, kale kadudu, na haikimeze, iko na batoto.»

Nikakuambia: «Hata miye nilikuwa hivyo. Nilikuwa ninabeba beignet kutoka soko mpaka nyumba, na siikule.»

Ukacheka, ukanikumbatia na bifungo mukononi. Niliona vile dembo yako ilijaa bifungo, na miombo ilijaa zaidi. Kwa muhulu uliweka kidogo tu. Lakini kila moja ilikuwa ya namna yake, hakuna yenye ilifanana na ya kipande ingine. Nilikuuliza juu ya nini. Ulisema: «Bale ba muhulu habatoke, mama. Banazaliwa mule, banazala mule, banakufa mule.»

Nilikuwa ninajua hayo mbele yako.

Kisha ukatosha telefone. Ulikuwa umerudia kutoka rezerve, pori yenye serikali inalinda, ile safari ya kwanza na mwalimu yako wa iniversite, na ulipenda nisikie sauti zenye ulikamata. Miye nilikuwa ninasonga bukari. Ukapitisha ndege ya dembo, ikalia kama mulango ya kutu. Ukapitisha ya miombo, nikasema hii ninaijua. Kisha ukasema: «Sasa hii ya muhulu.» Kukawa kimya kidogo. Na ndani ya kile kimya:

Fyu, fyu, fyuuu. Fyo.

Muluzi yetu, Mwape. Ile yenye ninakuita nayo tangu ulikuwa unajifunza kutembea. Mwiko ukabakia juu, haukushuka.

— Mama, unaangalia nini? ukasema. Ni ndege! Iko moja inaiga, inakamataka sauti ya ndege zingine, hata ya bantu. Kandege ka kifua ya machungwa, mugongo yake rangi ya moshi. Hata miye ilinidanganya! Niligeuka. Nikaanza hata kutembea, nikiwaza ni weye.

— Kisha?

— Kisha mulinzi wa pori akaniita na heshima yake: «Mamuzele Mwape! Njia iko huku!» Nikaona niko mbali na njia. Sikujua vile nilifika pale. Mama, nilicheka!

Na ukaikala, ukakata bukari, ukaendelea kusema na bukari kwa kinywa: «Nikirudia kule, nitaipigia ile muluzi kwa bafle, sanduku ya sauti, nione kama itaitika. Mwalimu anasema tunaweza kuita ndege na sauti yao ili itoke.»

Njo pale niliacha kula, nikafunika sahani yangu. Nilikuambia tumbo inaniuma. Nilikudanganya.

Haukujua muluzi yetu inatoka wapi. Kila mara uliuliza, nilisema: kwa nkambo yako, mama yangu. Ni kweli, lakini ni nusu.

Siye tulizaliwa na kukomalia karibu na ile ile pori yenye leo mumeita rezerve. Mvua ikianza, bamama na batoto balikuwa banaingia muhulu kutafuta bowa, uyoga wa pori. Na kulikuwa sheria: mule ndani, muntu haitwi na jina yake. Nkambo yako alikuwa anasema jina yenye inaanguka mule, si mwenyewe ataiokota. Njo kila nyumba ilikuwa na muluzi yake. Ya jirani yetu ilikuwa fupi, kama muntu anapiga fagio. Ya ngambo ya mutoni ilikuwa ndefu ya huzuni. Yetu ilikuwa nzuri kupita zote, hata maadui balikubali. Ukisikia muluzi ya nyumba yako, unarudia kwa mama. Haufikiri. Miguu inajua mbele ya kichwa.

Na muhulu ya muchana, utaijua kuliko miye, lakini nikuambie vile miye niliijua. Kwa miombo unasikia kila kitu: shoka ya muntu wa makala, kinga, ile baiskeli ya makala, inapita, mbwa mbali. Unaingia muhulu, na yote inakatika kama muntu amefunga mulango nyuma yako. Unasikia mate yako ikishuka. Jua iko juu kabisa, na mule ni mangaribi. Bantu banaogopa usiku. Siye tulikuwa tunaogopa saa sita ya muchana.

Ile siku yenye sijakuambia, tulikuwa batatu: nkambo yako, miye, na mama mukubwa yako Chola. Chola alikuwa karibu bibi-arusi, nguvu kama mwanaume, na majivuno! Usiniulize miye niliitosha wapi yangu, iko kwa damu. Alikuwa anasema bowa inajitosha yenyewe kwa udongo ikimuona. Alikuwa mbele, kitunga juu ya kichwa, tulikuwa tunaona kikwembe yake katikati ya miti. Miye na nkambo tulikuwa nyuma. Tulikuwa tumeokota masuku, matunda ya pori, kwa njia, na nkambo alikuwa na masuku kinywa yote, mbegu zilijaa shavu.

Muluzi ikalia. Yetu. Mbele, ndani kabisa.

Nikamuangalia nkambo. Yeye akaniangalia. Mashavu yake ilikuwa imejaa, Mwape. Muntu mwenye kinywa ya namna ile hawezi kupiga muluzi.

Na Chola, mbele yetu, akageuza kitunga vizuri juu ya kichwa, akaacha njia, akaenda kule.

Nkambo akatema mbegu, akapiga muluzi. Ile ingine ikaitika. Akapiga tena. Ikaitika, mbali zaidi. Kila mara alipiga, ilikuwa inamujibu, mara kuume, mara kushoto. Sasa tulikuwa na bamama babili mule ndani, na mutoto mumoja wa kuitwa.

Nikasema:

— Mama, umuite na jina!

Akanipiga kofi ya kinywa.

— Nyamaza! Unapenda uipatie jina yake?

Akaendelea na muluzi mpaka midomo ikapasuka. Jua ikaanguka. Tukatoka bila Chola.

Asubuhi baba yangu akaingia. Yeye alikuwa muntu wa kucheka sheria za banamuke. Alisema: «Ile sheria itanizalia mutoto mwengine?» Akasimama katikati ya muhulu, akafungua kifua: «Cholaaa! Chola, mutoto wangu! Chola!» Nkambo yako akaziba masikio.

Chola akatoka nyuma ya kichuguu kikubwa. Kile kichuguu, tulikuwa tumekizunguka jana mpaka nikachoka kukiona. Kitunga ilikuwa juu ya kichwa, bowa ndani, mpya, hakuna hata moja yenye ilianguka. Hakukuwa analia. Alikuwa na kasirani. Akamupita baba, akaenda mbele ya nkambo:

— Mama, juu ya nini haukunisubiri? Ulikuwa unatembea mbele yangu, ninakuita, haugeuke. Siku yote ninafuata mugongo yako!

Kisha akaangalia kikwembe ya nkambo, ile nyekundu, ile moja tu alikuwa nayo. Akasema na sauti ya chini:

— Na ile ya rangi ya moshi, umeiacha wapi?

Juzi, wakati ulisema ile kandege mugongo yake ni rangi ya moshi, nilikuuliza tu «Kisha?». Sasa unajua juu ya nini.

Mama mukubwa yako munamujua. Ni ule wa Kambove, mwenye kusimama katikati ya barabara na kugeuka, na nyuma yake hakuna muntu. Mulikuwa munamuiga hapa kwa lupango, weye na kaka zako, munatembea, munageuka, munaanguka na kicheko. Miye nilikuwa ninacheka pamoja na mweye. Nilijiambia ni kichwa yake, ni mambo ya kijiji, na miye nimekwisha kuwa muntu wa muji, mama mwenye mashini.

Na muluzi, nilikuja nayo huku. Hakuna mwenye alinilazimisha. Banamama bengine ba Kamalondo banaita batoto mpaka mishipa ya shingo inasimama. Miye, muluzi moja kwa mulango wa lupango, na weye ulikuwa unatoka hata kwa avenue ingine, mbio, umeacha muchezo katikati. Bantu balikuwa banasema: «Mama Mwape, batoto yako unabalisha nini?» Nilikuwa ninavimba. Nilipenda sana kuvimba, Mwape.

Unakumbuka ile robe ya ndoa, ya mutoto wa pasta? Niliishona mara mbili kila mahali, ili baseme kazi yangu haikatiki. Sikuacha hata kidole ya kitambaa ndani. Siku ya ndoa, bibi-arusi alikuwa na tumbo yenye hakuna mwenye aliambiwa. Nikajaribu kufumua. Kitambaa ikapasuka mbele ya uzi yangu kuachia. Aliolewa akivaa kikwembe ya mama yake, na miye nilibakia chumbani na ile robe juu ya magoti. Tangu ile siku, kila nguo ninaachia nafasi ndani. Muteja haione, lakini iko.

Kwa masikio yako sikuacha nafasi. Nilishona mara mbili. Njo maana mule ndani, muntu muzima, muntu wa diplome, ulisikia na ukatembea.

Jana, kisha mama wa unga kuenda, nilimupigia Chola telefone. Tangu tulikuwa batoto sijamuuliza ile mambo. Nilikuwa ninamuuliza juu ya magoti yake, juu ya bei ya mahindi Kambove. Nikasema:

— Dada, ungali unasikia?

Nilisikia kuku yake, na muntu anapita na redio.

— Njo unaniuliza leo, akasema. Ninasikia. Zamani ilikuwa mbele. Sasa iko nyuma.

— Mwape anarudia kule. Kuhesabia ndege.

— Aligeuka?

Nikakunja kipande ya kikwembe juu ya magoti.

— Aligeuka, akasema yeye mwenyewe. Basi sikiliza, dada muloko. Mumuite na jina. Jina tu. Ile siku ya kwanza, mweye wote mulikuwa munaogopa jina yangu. Kama mama angeniita Chola saa ile, miye ningesimama. Ile kintu haijui kusema Chola. Inajua muluzi tu.

Kisha akacheka kidogo, yeye mwenye hachekake, na akasema: «Mutoto wako iko na akili. Ameitosha wapi? Si kwako.» Unaona? Hata mugonjwa, bado anajisifu juu ya damu yake.

Sikuambie usiende. Mama gani atakataza mutoto kwenda kufanya kintu chenye hakuna mutoto mwengine wa avenue amefanya? Enda. Hesabia yote. Ya dembo, ya miombo, ya mushitu. Na ya muhulu pia, usiiruke juu yangu. Ile kandege, ukiiona, iandike mahali pake, kifungo moja juu ya kipande ya kijani nyeusi. Kama inabeba majani, andika iko na nyumba. Kama inabeba kibulubulu, andika iko na batoto. Na ujue kile inabafundisha kuimba.

Uliniambia, wakati niliuliza nani aliifundisha, juu hakuna muntu wa kwetu mwenye ameingia kule tangu miaka mingi: ndege ya zamani ilisikia nkambo, ikafundisha batoto, nayo batoto ikafundisha batoto. Ninakubali. Ni maelezo nzuri, na ni ya mutoto wangu. Muluzi, ndege inaweza kuiiba. Lakini ule mugongo? Siku yote, mbele ya Chola, katikati ya miti, kwa urefu wa mama yake? Hapo sijui, na ninakuachia. Weye njo mwenye kusoma. Uiweke kule munawekaka mambo yenye hamujaipatia jina.

Kintu kimoja tu ninakuomba, na ninaiomba kama mama, magoti chini: usiipigie ile muluzi kwa bafle. Ndege zingine, ita vile mwalimu anasema. Hiyo, hapana. Nkambo yako aliiitikia siku yote, na tangu ile siku haijaacha kutafuta muntu wa nyumba yetu. Usiionyeshe kama tungali hapa.

Na ule mulinzi wa pori, sijui jina yake, umupatie ile sukari ya mama wa Butembo. Yote. Umuambie ni mama yako ametuma. Umuombe akuitage na jina, na sauti, kila mara hakuone. Mwape. Si mamuzele tu. Mwape.

Ninasikia mulango wa lupango, njo unarudia. Nitakunja hii karatasi na kuishona ndani ya mukunjo wa ile jile ya kijani, koti ya bila mikono, nilikutengenezea, kuume, kule niliacha nafasi. Uzi ni moja tu, nitakuonyesha leo usiku, ukivuta inaachia.

Kesho motokari ikikuja, utaniona ninasimama kwa mulango wa lupango, kama siku zote. Nitakuita Mwape, kifua yote, mpaka mama wa unga atasema nimepata wazimu. Muluzi, niliipiga leo asubuhi kukuita kwa chai. Ulikuja. Ilikuwa ya mwisho. Haitatoka tena kwa kinywa yangu, hata ukirudia hapa, hata weye ukiwa mugonjwa, hata miye nikiwa kwa kitanda ya kufa. Nitakuita na jina, ao nitanyamaza.

Kwa hiyo, mutoto wangu, ukiisikia, kule kwa muhulu, ao siku ingine nyuma ya mulango ya nyumba yako mwenyewe, usigeuke kutafuta.

Si miye.

Mama yako, mwenye alikupatia jina Mwape